Mukanda Wenye Kusomwa kwa Masikio

Historia ya inchi yetu ulijifunzia wapi? Wengi kati yetu tutajibu: kwenye kalasi. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukaandika katika kaye. 1885, Léopold II. 1908, Ubelgiji inachukua koloni. 1960, uhuru. Siku ya mutihani tulirudisha yale yote kama yalivyo, na likizo kubwa ilipofika tukayasahau. Miaka ilibaki kichwani, lakini watu wenye waliishi katika miaka ile hatukuwasikia hata siku moja. Walicheka juu ya nini? Walimwogopa nani? Mwalimu hakuwa na kosa, yeye pia alifundishwa vile.

Leo mutoto wako ana telefone mukononi na ekutere masikioni. Unamwita mara tatu, haitike. Unasema: "Huyu amepotea na muziki." Pengine ni kweli. Lakini muulize kwanza anasikiliza nini, sababu siku hizi ndani ya telefone mumo vitabu vizima vyenye vinasomwa kwa sauti, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Na mumo podikasti. Podikasti ni kipindi kama kile cha radio, ila hiki hakikupiti. Radio ikisema saa mbili ya usiku, na wewe ulikuwa ungali unachota maji, basi imekwisha. Podikasti unaipakua siku unapata mega, unaitunza, na unaisikiliza wakati unachambua maharagi, wakati unangoja gari, ao wakati umeme umekatika na macho hayawezi kusoma tena.

Na tusiseme kwamba ni jambo la kigeni. Katika makanisa yetu kuna mama wenye hawakupata bahati ya kuingia kalasi, na wanakuhesabia safari za Paulo muji kwa muji. Walizijua namna gani? Katekista alisoma, wao wakategea sikio. Leo kuna hata visanduku vyenye kusema Biblia, vingine vinatumia jua, na wazee wanavizunguka kama moto wa jioni. Mutume Paulo mwenyewe aliwaomba Wakolosai wasomee wengine barua yake katika kanisa. Basi kusoma kwa masikio ni kwa zamani kuliko kaye na kalamu.

Sasa tuone faida yake kwa historia. Tuchukue mufano wenye kila mutu anaujua, hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, kule Léopoldville. Nani kati yetu hajasikia watu wakibishana juu yake? Mumoja anaapa kwamba Lumumba alimwambia mufalme Baudouin uso kwa uso kwamba Wakongomani si nyani zake tena. Neno hili limetembea kinywa kwa kinywa zaidi ya miaka 60. Baba alimwambia mwana, mwana akamwambia mwenzake kwenye kivuko cha basi. Lakini radio ilirekodi hotuba ile, na sauti ingaliko, inapatikana kwenye intaneti. Isikilize yote. Neno la nyani halimo.

Yale yenye mumo ni mazito kuliko tusi lile. Mufalme alikuwa ametoka kumusifu Léopold II. Raisi Kasa-Vubu alisema kwa adabu. Kisha Lumumba, mwenye hakuandikwa kwenye programu ya siku ile, akasimama. Hakuanza na mufalme. Alianza na Wakongomani wenyewe, wenye kupigania uhuru. Akakumbusha kazi ya nguvu na mushahara mudogo, matusi na mapigo ya asubuhi, mchana na jioni, mashamba yenye yalichukuliwa, sheria yenye haikuwa moja kwa mweupe na kwa mweusi. Akataja hata jambo dogo lenye wazee wetu walilijua sana: mweusi aliitwa "tu" kwa Kifaransa, si kwa urafiki, lakini kwa sababu "vous" ilikuwa ya weupe tu. Na unaposikiliza, unasikia makofi. Yanamukatiza, anangoja, anaendelea. Kwenye karatasi makofi hayapigi kelele. Masikio yako yanapata kitu ambacho jicho halikupata: kwamba ndani ya ile nyumba kulikuwa watu wenye walingoja maneno yale miaka mingi.

Nasi wa Katanga hatuwezi kuisikiliza sauti ile kama wageni. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa huku kwetu, katika pori ya Shilatembo, si mbali na Elisabethville. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja, ndiyo mabaki yenye ilibaki, na sanduku lile lilipitishwa Shilatembo mbele ya kuzikwa Kinshasa. Kijana mwenye alisimama kando ya barabara siku ile, kama hajasikia hotuba, aliona sanduku likipita tu.

Kwa mwenye kuelewa Kifaransa kuna mengi ya kupata. Mwanahistoria wetu Elikia M'Bokolo, muzaliwa wa Kinshasa, alisema miaka mingi kwenye radio RFI katika kipindi "Mémoire d'un continent" juu ya falme za Afrika, biashara ya watumwa, wakati wa ukoloni na uhuru. Yeye haharakishi. Anakwambia jambo, kisha anakwambia tunalijua namna gani. Vipindi vya namna ile ndivyo ninavyomupendekezea kila kijana wa humanité. Wale wengine wenye kupiga muziki wa kutisha na kusema "siri yenye walikuficha" kila dakika mbili, mimi sina haraka nao.

Lakini sikiliza mwezi mumoja, miwili, utaona upungufu. Sauti zile ni karibu zote za Kifaransa, na zinasema juu ya wafalme, maraisi, majenerali. Wewe mutoto wa kambi, mutoto wa mutumishi wa Union Minière ao wa Gécamines, uko wapi mule ndani? Nani atakusimulia poso ya kila juma, king'ora cha asubuhi, kapita mwenye ukali, dispansere ya kampuni? Nani atasema kwa nini nkambo wako alipanda treni kuja huku?

Tazama, kuna mukanda mumoja wa kwetu wenye wengi hatuujui. Mwaka 1965, muji ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville, mutu mumoja jina lake André Yav aliandika historia ya muji kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja, hapana. Ni kile chetu cha cité. Aliandika kwa jina la wenzake, watumishi wa zamani wa nyumbani mwa wazungu, wale waliitwa "boy" hata kama walikuwa na mvi. Aliupa jina la Kifaransa, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", lakini si kamusi. Ni habari ya muji toka wabelgiji walipofika mpaka nyuma ya uhuru, kwa macho ya wale waliopika, waliofua, waliosimama nyuma ya kiti wakati bwana anakula. Watu wale waliona mengi. Bwana hakuficha neno mbele ya boy, alifikiri hasikii.

Makaratasi yale yalipigwa kwa mashini na kuzungushwa kati ya watu. Kuyasoma ni kazi kubwa: maneno yameungana pasipo kuungana, yamekatika pasipo kukatika, nukta zinakosekana. Jicho linapotea. Basi Johannes Fabian, mwalimu mwenye alifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kuelewa maandiko yale, alifanya nini? Alimuomba mwenye lugha, Kalundi Mango, asome kwa sauti, na kinasa sauti kikarekodi. Hapo maneno yakaamuka. Kile kilionekana kuwa makosa ya mutu mwenye hakusoma sana, kumbe kilikuwa masolo ya mutu anayesema mbele yako. Mukanda ulitolewa mwaka 1990, na Kiswahili chake kinapatikana leo kwenye intaneti.

Unaona, musomaji? Kitabu cha sauti, sisi tulikuwa nacho kabla jina lake halijafika. Jaribu mwenyewe. Ufungue maandiko ya Yav kwenye telefone, usisome kimya. Mupe yaya yako mwenye sauti nzuri asome, wengine mukae. Nkambo akisikia atakukatiza: "Ah, ile! Tulisema vile." Na hapo ndipo historia inaanza kutoka.

Muko na mwingine, Tshibumba Kanda Matulu. Huyu alikuwa muchoraji, alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya inchi, toka wahenga mpaka wakati wa Mobutu, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili, kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria, na hakuna mutu wa kumukatalia. Picha zake na maneno yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1996. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupotea toka miaka ya mwanzo ya 1980, na hakuna habari yake tena.

Moja ya mambo aliyoyachora ni vifo vya Desemba 1941. Hapa nataka tukae kidogo.

Ilikuwa wakati wa vita kubwa. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi ikaongezeka, bei za sokoni zikapanda, mishahara ikabaki chini. Watumishi wa Union Minière wakagoma, Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba wagomaji wa Elisabethville walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Léonard Mpoyi, karani, alikuwa musemaji wao. Wakaambiwa warudi kazini, wakakataa bila jibu juu ya mushahara. Askari wakapiga risasi. Mpoyi akafa, na wengine wengi pamoja naye, na kati ya wale waliokuwa kule kulikuwa pia wake na watoto.

Ni wangapi? Hesabu ya wakubwa wa wakati ule ni ndogo. Hesabu ya wazee wa kambi ni kubwa zaidi, mara mbili na kupita. Basi ukisikiliza podikasti na musimuliaji anakutajia hesabu moja kwa sauti nzito, bila kusema ni hesabu ya nani, simamisha. Uliza: huyu ameipata wapi? Mutu mwenye kusema kweli hataogopa kukwambia kwamba wengine wanahesabu vingine.

Nasema vile kwa sababu sauti iko na nguvu ya kuamini. Karatasi inakuacha ufikiri. Sauti inaingia na joto ya mutu, na unaifuata. Jirani zetu wa Rwanda walilipa bei ya jambo hili. Radio RTLM ilianza mwaka 1993, na muziki muzuri na michezo, vijana waliipenda. Mwaka 1994 sauti zile zile ziliwaita watu kuua. Na sisi? Tusijitakase. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stasio wakingoja treni, wengine majuma na majuma, na watoto walikufa pale. Kabla ya mawe kulikuwa maneno: "Hawa walikuja kula vyetu." Maneno yale yalijidai kuwa historia.

Historia yenyewe inasema nini? Union Minière iliundwa mwaka 1906. Watu wa kuchimba hawakutosha huku, basi kampuni ikatafuta watu mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Toka miaka ya 1920 ikaanza kuwaweka watumishi pamoja na wake zao, sababu mutu mwenye jamaa yake hapa hatoroki, na watoto wake watakuwa watumishi wa kesho. Hivi kambi zilijaa lugha zote, na Kiswahili kikakuwa cha wote. Nkambo wa huyu na nkambo wa yule walipewa nyumba ya namna moja na poso ya namna moja, na kampuni ndiyo iliwaita wote wawili. Mutoto mwenye amesikia haya toka kinywa cha muzee wake hatadanganywa upesi na sauti fupi yenye inazunguka kwenye telefone wakati wa uchaguzi.

Lakini muzee yuko wapi? Hilo ndilo jambo lenye kubana. Aliyekuwa na miaka 20 katika Desemba 1941, leo angepita miaka 100. Sauti ya watu wale imekwisha, tunabaki na yale yenye watoto wao walishika. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru amevuka miaka 80. Na hata wale wa juzi: mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliachisha watumishi zaidi ya 10,000 kwa mupango wenye uliitwa "départs volontaires", wengi walikuwa na miaka 25 na 30 ya kazi. Tunawazika kila juma. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wanafunzi wake walitembea nyumba kwa nyumba wakiuliza watumishi wa zamani na wake zao, na vitabu vilitoka mule. Lakini profesa hawezi kufika kila lupango. Kwenu atafika nani, kama si wewe?

Telefone yenye inapiga podikasti inajua pia kurekodi. Usimuendee muzee na maulizo ya kalasi, "Nkambo, eleza ukoloni." Atanyamaza, ao atakupa maneno yenye anafikiri unataka. Umuulize vitu vidogo. Siku ya kwanza ya kazi ulivaa nini? Poso ilikuwa na nini ndani, na nani alienda kuipokea? Mulicheza mpira na nani? Mwenye alikufa ndani ya mugodi, habari ilifika nyumbani namna gani? Na nkambo mwanamuke usimuache. Wengi wanamurekodi baba wa nyumba tu, na mama yuko kando anachekea ndani, sababu yeye ndiye anakumbuka bei na majina.

Akikusimulia habari ya mitumbula, wale watu wa usiku wenye, watu walisema, walikamata wapita njia kwa ajili ya wazungu na kuwanonesha ndani ya shimo, usimucheke. Pia usiandike kwamba ilitokea vile. Umuulize: "Nkambo, wewe uliona, ao ulisikia?" Ulizo hili moja ni dhahabu. Jan Vansina, Mubelgiji mwenye alianza mwaka 1953 kuishi na Wakuba wa Kasai, alionyesha wanahistoria wa dunia kwamba masimulizi ya wazee ni ushuhuda kama karatasi, lakini kama ushuhuda wote yanapaswa kupimwa: nani alimwambia nani, na kwa faida gani. Kwa mitumbula utapata woga wa watu wa kambi juu ya bwana mwenye aliweza kuchukua mutu na hakuna wa kumuuliza. Woga ule ulikuwa kweli kabisa.

Kabla ya kuanza, umuombe ruhusa, na umuambie nani atasikiliza. Kuna mambo muzee atasema kwa ajili ya jamaa tu, na yasitoke kwenye lupango. Zima simu zisiingie, toka mbali na motere ya jirani na kuku, weka telefone karibu na kifua chake, si juu ya meza yenye kutikisika. Useme kwanza tarehe, mahali, na jina lake. Asiposema Kiswahili vizuri, aseme Kiluba, Kibemba, Kirund, Kicokwe. Wewe utatafsiri nyuma. Usimusahihishe mwaka. Na siku ile ile upeleke sauti kwenye telefone ya pili ao kwenye karte memwari, sababu telefone zetu munazijua, leo iko, kesho imeibwa kwenye soko.

Saa moja inatosha. Akianza kusinzia ao akinyamaza kwa machozi, zima, umushukuru. Siku nyingine urudi na kisukari kidogo cha chai, na umurudishie sauti yake mwenyewe aisikie. Wazee wanapenda hiyo sana. Na mara nyingi, akijisikia, atainua mukono: "Ngoja, hapo nilisahau kitu."